"Sawa" Kumi na Moja

Jumatatu, 18 Januari 1999

Daftari hili nililinunua kuandikia namba za vipuri. Kurasa za mbele nimezichana leo. Nikimweleza mama yangu, Yeyo, habari za otopailoti, ile mashine ya kushika usukani wa ndege, anasema, "Mungu atasaidia, mwanangu," anaendelea kuchambua maharage. Nikimweleza mdogo wangu Lerionka, ambaye ni rubani na anajua ninachosema, anacheka. Basi nitaandika humu.

Kazi yenyewe ni hii. Mama Evaresta, aliyekuwa akiuza vipuri vya magari hapa mjini, amenunua glaida yenye injini kwa Mjerumani aliyerudi kwao. Ina mabawa marefu kupita kiasi na injini ndogo ya kupandia. Ikishafika juu, injini inazimwa, inateremka kimya kimya. Watu wa mradi wa maji wanataka picha za msitu na chemchemi za Mlima Meru, kutoka juu kabisa mpaka mashamba ya Akheri na Maji ya Chai, na wanazitaka kabla ya masika. Injini ikiwaka picha zinatikisika, kwa hiyo lazima zipigwe wakati wa kuteremka. Kamera ni kubwa, imechukua kiti cha pili. Rubani yuko peke yake: mkono mmoja kwenye kamera, mwingine kwenye mpini wa breki za hewa, zile mbao zinazoinuka juu ya mabawa. Fimbo ya usukani nani ataishika? Otopailoti. Na otopailoti ya Mjerumani ilikuwa imekufa.

Ndipo nikaitwa mimi, Anyesi, fundi redio wa barazani Sokon One tangu kiwanda chetu cha redio kilipouzwa. Aliyenileta ni rubani mwenyewe, Kapteni Eliamini wa Akheri, aliyepata kipaimara siku moja na marehemu baba. Mama Evaresta alinitazama juu mpaka chini, akasema mbele yake, "Anyesi, nakupa mpaka masika. Isipokubali, naita fundi wa Nairobi."

Leo safari ya kwanza. Ameondoka uwanja wa ndege wa Kisongo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hewa imelala. Amerudi, amevua kofia, ameandika kwenye kitabu cha ndege, pembeni ya muda wa kuteremka, neno moja: Sawa. Nimefurahi kama mtoto.

Ijumaa, 22 Januari

Safari ya pili, ya kwanza kufanyika mchana. Sawa.

Jumatatu, 25 Januari

Roho haitulii. Watu wa mradi wanataka jua liwe juu kichwani, vivuli visifunike mabonde, yaani saa nne mpaka saa saba. Huo ndio wakati hewa inapopanda. Kapteni alinieleza kwa sufuria ya uji wa mlinzi: ardhi ikipata moto, hewa inanyanyuka mapovu mapovu, hasa mgongoni mwa mlima. Glaida ikiingia kwenye povu inabebwa juu.

Sasa mashine yangu nimeiambia kitu kimoja: shuka mita moja kila sekunde. Povu likiibeba, itaona haishuki. Itafanya nini? Itainamisha pua. Bado haishuki? Itainamisha zaidi. Na glaida ikiinamisha pua haina masihara, inakimbia. Kwenye saa ya kasi kuna mstari mwekundu kwenye kilomita mia mbili kwa saa. Ukipita hapo mabawa yana haki ya kufanya yanavyotaka.

Nimepunguza ukali wa nobu ya kwanza, ile inayoamua mashine isukume fimbo kwa nguvu gani, robo mzunguko. Safari ya tatu ameruka saa tano. Nimesimama uwanjani saa nzima na nusu, hata maji sikunywa. Akarudi, akashuka taratibu, akaandika: Sawa.

"Imeteremka, Kapteni? Hata kwenye mapovu?"

"Mkwe wako ameteremka vizuri." Ameipa mashine jina hilo, mkwe. Anasema imekuja nyumbani kwetu hatujui tabia yake, lakini lazima tuiheshimu.

Jumanne, 2 Februari

Safari ya nne. Sawa. Lakini kuna jambo.

Kwenye mota inayosukuma fimbo nilifunga kisaa cha kuhesabu dakika. Kinatembea pale tu mashine inaposhika fimbo. Rubani akibonyeza kitufe chekundu kuchukua usukani mwenyewe, kisaa kinasimama. Nilikiweka ili nijue lini nipake grisi, basi. Safari ya kwanza kilisoma dakika thelathini na nane, nikafurahi, nikaacha kukitazama. Leo Kapteni ameteremka dakika hamsini na mbili. Kisaa kinasema kumi na moja.

Kisaa kibovu. Nimekifungua, nimekisafisha kwa spiriti, nimekijaribu mezani kwa saa yangu ya mkononi. Nusu saa nzima hakikupishana hata sekunde.

Ijumaa, 5 Februari

Safari ya tano. Sawa. Kisaa: dakika tisa.

Jumatatu, 8 Februari

Nimekitoa kile kisaa nimefunga kingine, kipya, cha kwenye boksi. Safari ya sita. Sawa. Dakika kumi na tatu.

Visaa viwili viwe vibovu kwa namna ileile? Mimi huyu nimetengeneza redio miaka tisa, naelewa maana yake. Lakini nikishaelewa nifanye nini? Nimuulize mzee aliyebeba jeneza la baba yangu kama anasema kweli? Nimemzunguka kwa maneno. "Kapteni, huenda kidole kinagusa kile kitufe chekundu bila wewe kujua?"

Amekitazama kidole chake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukiona. "Huenda. Uzee, binti."

Nimekihamisha kitufe, nimekiweka pembeni zaidi.

Jumatano, 10 Februari

Safari ya saba. Sawa. Dakika kumi.

Alhamisi, 11 Februari

Picha zimetoka kusafishwa. Jamani! Chemchemi zinaonekana mpaka ng'ombe wanaokunywa. Mama Evaresta amezitandaza juu ya boneti ya gari, anamwita kila mtu aje aone. Amenipiga begani: "Fundi! Kumbe redio na ndege ni kitu kimoja!" Kapteni alikuwa nyuma yake, akatabasamu, akaenda kunawa mikono. Ningefurahi kama nisingekuwa na kisaa.

Jumanne, 16 Februari

Ya nane jana, ya tisa leo. Sawa, sawa. Dakika kumi na mbili, dakika nane. Mama Evaresta anataka ziwe mbili kwa wiki, zimekuwa mbili kwa siku mbili. Mawingu yameanza kujikusanya mapema, na Kapteni amechoka, akishuka anashika bawa kwanza kabla ya kutembea.

Alhamisi, 18 Februari

Ya kumi na ya kumi na moja siku moja. Sawa. Sawa. Sijatazama kisaa. Niliogopa. Nimerudi nusu njia nikageuka, nikaenda kukitazama. Dakika kumi na tisa kwa zote mbili.

Ijumaa, 19 Februari

Kapteni amepimwa afya kwa ajili ya leseni. Presha yake imepanda vibaya, daktari amemzuia kuruka na kumwamuru alale nyumbani. Mama Evaresta hakuchelewa. Mchana huohuo amempigia simu Lerionka, ambaye amemaliza mkataba wake wa kurusha watalii. Ataruka Alhamisi ijayo.

Mdogo wangu. Baba alipofariki alikuwa darasa la sita, karo yake nimelipa kwa koleo la solda. Nilimwambia habari ya kisaa. Akafungua kitabu cha ndege, akapitisha kidole kwenye ukurasa: "Dada, Kapteni Eliamini ameandika sawa mara kumi na moja. Mimi nimfuate yeye au nifuate kisaa?"

Hata mimi nimekuwa nikimfuata yeye.

Jumamosi, 20 Februari

Nimekwenda Akheri kumuuliza Kapteni ana kwa ana. Kabla sijaondoka Mama Evaresta alinishika mkono: "Usimwambie kuna rubani mwingine. Ile ndege ni kama mtoto wake, presha itampanda tena. Mwambie inamsubiri." Nikaitikia.

Nimekuta wazee wa kanisa wamekuja kumwombea. Kapteni amekaa kwenye kiti cha kamba, koti begani, mke wake Mama Aikaeli anapitisha chai na ndizi za nyama. Nikapiga shikamoo za mzunguko mzima. Mama Aikaeli akanisimamisha katikati: "Huyu ndiye yule fundi! Eliamini hasemi lingine. Eti hata Nairobi hawana kama yeye." Wazee wakanipigia makofi. Mimi nimesimama pale na sahani ya ndizi na swali langu.

Nimeliuliza hata hivyo, kwa sauti ndogo. "Kapteni, nilitaka kuhakikisha tu. Mchana, hewa ikipanda, mashine inateremka yenyewe?"

Amewatazama wageni. Amemtazama mke wake. "Si nimeandika, binti? Sawa."

Ningesema nini tena mbele ya watu wale? Nimekula ndizi. Amenisindikiza mpaka mwanzo wa mibuni, akapumzika, akauliza, "Na ndege?"

"Imepaki, Kapteni. Inakusubiri wewe."

Nimeliona bega lake likishuka, amepumua. "Vizuri. Isiruke mpaka nirudi. Wiki mbili tu." Nikasema ndiyo.



Jumatano, 24 Februari

Nimepunguza nobu tena. Nimemwomba Lerionka aruke alfajiri. Mama Evaresta kasema picha za alfajiri mradi hauzitaki. Nimemwomba Lerionka asitoe jicho kwenye saa ya kasi. "Dada, nikitazama saa ya kasi, kamera ataitazama nani?"

Alhamisi, 25 Februari

Nitaandika yote, tangu mwanzo.

Ameondoka saa nne na dakika kumi. Nilikaa kwenye redio ya mezani, Mama Evaresta nyuma yangu anakula karanga. Saa tano kasoro ishirini: "Dada, niko mita elfu tatu mia nane. Nazima injini." Kisha: "Mkwe ameshika." Alisema kwa kucheka, hilo jina amelisikia kwangu. Picha ya kwanza. Picha ya pili. Alikuwa anazihesabu kwenye redio ili nisiwe na wasiwasi. Picha ya tisa alisema, "Hapa kuna povu, inapanda," na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Halafu kimya.

Nilimwita. Nikamwita tena. Mama Evaresta aliacha kutafuna. Kutoka Kisongo huuoni upande ule wa mlima, unaona mgongo tu na wingu lake, kwa hiyo nilikuwa natazama kitambaa cha spika ya redio kana kwamba atatokea humo. Nilihesabu. Nilipofika mia na arobaini nikaanza kusema Baba Yetu, nikasahau katikati.

"Nimeizima." Ilikuwa sauti yake lakini imekuwa nyembamba. "Nimeizima, nimeizima. Kamera imeng'oka. Damu inaingia machoni. Mabawa yapo."

Mabawa yapo! Nilitoa kilio, Mama Evaresta naye akalia.

Ametua saa tano na nusu, ametua vizuri kuliko siku zote, kisha akashindwa kufungua mlango. Kamera ilimpiga juu ya nyusi, ameshonwa nyuzi sita. Bawa la kushoto lina ufa karibu na breki. Alivyonieleza akiwa kwenye benchi la zahanati: alikuwa ameinamia kamera, akasikia mlio wa upepo unabadilika, akadhani ni kawaida kwa kuwa Kapteni kaandika sawa. Mlio ukawa mluzi. Alipoinua macho sindano ilikuwa imepita mstari mwekundu, na fimbo bado inakwenda mbele, yenyewe, pole pole, "kama mtu anayesukuma mlango." Akabonyeza kitufe. Hakipo pale mkono unapokwenda.

Hakipo. Mimi ndiye niliyekihamisha.

Ijumaa, 26 Februari

Yeyo hasemi nami. Anampikia Lerionka supu, mimi ananisogezea bakuli bila kunitazama.

Jumapili, 28 Februari

Habari zimefika Akheri kwa njia ya kanisa. Mchana, baada ya ibada, Kapteni Eliamini ametokea mlangoni kwetu Sokon One, amevaa suti, amepanda gari mbili na presha yake vilevile. Nimempa shikamoo nikiwa nimekasirika. Sijawahi kufanya hivyo maishani.

Alikwenda kwanza kwa Lerionka, akamtazama ule uso uliovimba, akakaa. Akatoa mfukoni kijidaftari cheusi, kimekwisha kingo. Akanipa.

Safari ya 2: kasi 160, nimeshika. Safari ya 3, saa tano na dakika 40. Hewa imenyanyua mita 4. Mkwe akainamisha baada ya sekunde 7. Kasi 165. Nimeshika. Safari ya 4: sekunde 7, kasi 170, nimeshika. Safari ya 5: kasi 172, akavuta kwa nguvu tulipotoka kwenye povu, nimeshika. Kurasa kumi hivyo. Kila kitu kimeandikwa, saa, mahali, sekunde.

"Picha ulipigaje?" Lerionka ndiye aliyeuliza.

"Fimbo niliibana kwa magoti."

Miaka sitini na moja, anabana fimbo kwa magoti juu ya mlima, ili mimi nionekane fundi. Nililipuka. Nilimwambia mbele ya Yeyo kwamba angemuua mtoto huyu. Nilisema, "Namba hizi ndizo nilizokuwa nazitafuta mwezi mzima, nawe umezikalia mfukoni! Kwa nini?"

"Yule mama alisema isipokubali anaita mtu wa Nairobi. Wewe ndiyo kwanza umepata kazi. Nikasema nitaimaliza mwenyewe mpaka masika, kisha mashine izimwe, nani atajua?" Akamtazama Lerionka. "Sikujua kama kuna mwingine atapanda. Wewe uliniambia inanisubiri."

Nikakifunga kijidaftari.

"Nilikuwa nalinda presha yako," nilisema.

"Na mimi nilikuwa nalinda kazi yako."

Yeyo, ambaye hakuwa amesema nami siku tatu, aliweka chini mwiko. "Wote wawili mmelinda," akasema, "na aliyeshonwa ni mwanangu."

Kapteni alimwomba msamaha Lerionka kwa jina lake lote na la baba yake. Mimi pia nimemwomba, kwa ajili ya kile kitufe. Lerionka alisema yamekwisha, akaomba aletewe supu, maana kichwa kinamuuma na sisi tunapiga kelele.

Jumatatu, 1 Machi

Nimemweleza Mama Evaresta yote, nimesimama, nimeshika begi langu la vifaa tayari kuondoka. Amesikiliza mpaka mwisho.

"Nani alikwambia ningekufukuza?"

"Ulisema unaita fundi wa Nairobi."

"Nimwite akusaidie, Anyesi! Watu wawili si wanaona zaidi ya mmoja? Ningekufukuza ningesema nakufukuza. Mimi Mchaga, nasema." Halafu akaketi kwenye ngazi ya ghala la ndege, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameogopa. "Na mimi ndiye niliyekwambia umfiche. Weka begi chini."

Kwa hiyo ilikuwa bure. Safari kumi za magoti, bure. Nimekwenda nyuma ya ghala nikalia kwa hasira.

Jumamosi, 6 Machi

Fundi wa mabawa anaziba ufa, anasema wiki moja na nusu. Kitufe chekundu nimekirudisha mahali pake. Mimi nasoma kijidaftari. Sekunde saba, sekunde saba, sekunde nane, saba. Mashine inachelewa. Ikisikia povu na kuanza kusukuma, glaida imeshafika katikati. Ikisukuma kwa nguvu, glaida imeshatoka, na huko nje hewa inashuka, kwa hiyo hewa na glaida zinakwenda chini pamoja. Nilivyokuwa napunguza ukali wa nobu nilikuwa naichelewesha zaidi. Nilikuwa naiharibu kwa mkono wangu, huku naambiwa sawa.

Jumatano, 10 Machi

Nimepata. Nadhani nimepata. Nilikuwa naiagiza kitu kisichowezekana, ishuke wakati hewa inapanda. Nimekata waya wa kupima kushuka, mahali pake nimeunga wa kupima kasi. Sasa inajua jambo moja tu: shika mia na kumi. Hewa ikipanda, ipande nayo. Kushuka ni kazi ya breki za hewa, na ya rubani kuvumilia mpaka povu liishe.

Nimempigia Kapteni simu nikamsomea mchoro wote. Akauliza maswali manne, la tatu lilinikuta na kosa. Nimelirekebisha.

Ijumaa, 12 Machi

Joto kali. Mawingu saa tano yamekaa. Masika haiko mbali.

Alhamisi, 18 Machi

Safari ya kumi na tatu. Bawa limepona. Kamera tumeitoa, na kwenye kiti chake nimekaa mimi.

Nilisema sitampandisha mtu tena kwenye mashine yangu kwa kuambiwa tu. Yeyo alinitemea mate ya baraka kifuani na kichwani, akaingia ndani asituone tukiondoka. Bisibisi nimeifunga kwa uzi kifundoni mwa mkono isianguke miguuni kwa Lerionka. Sijawahi kupanda ndege yoyote. Nilifumba macho mpaka injini ilipozimwa, nikayafumbua kwa sababu ya kimya.

Akheri ilikuwa chini, migomba na mabati. Lerionka akabonyeza, mashine ikashika. Mia na kumi. Akafungua breki. Tukashuka kama watu wenye akili.

Kisha povu. Mtu ananyanyuliwa kwa kiti chake, tumbo linabaki. Sindano ya kupanda ikaenda juu, mita tatu, mita nne. Tunapanda na breki wazi! Mwili wangu wote ulitaka pua iiname, tuondoke pale. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Shuka, shuka basi!" Nikaelewa kwamba nilikuwa nasema kile nilichokuwa nimeifundisha mashine.

"Dada, tulia," alisema Lerionka. Lakini na yeye mkono wake ulikuwa sentimita moja kutoka kwenye kitufe, na kovu lake limekuwa jekundu.

Fimbo haikusogea mbele. Mia na kumi. Mia na kumi na mbili. Mia na kumi. Tulipanda karibu mita mia mbili, kisha povu likatuachia tukaanza kuteremka, taratibu. Mara ya pili vilevile. Ya tatu. Nilikaza nobu kidogo kwa bisibisi, ya nne ikawa safi zaidi, ya tano safi.

Ya sita, pale kwenye ukingo juu ya Akheri ambapo upepo unagonga mlima, ilitikisa. Kasi mia na hamsini. Lerionka akachukua mwenyewe, sekunde tisa, akarudisha.

Kisaa: dakika arobaini na tatu kati ya arobaini na nne.

Tulipotua Mama Evaresta alikimbia na kitabu cha ndege na kalamu. "Vipi? Niandike sawa?"

Nilitamani. Mradi unasubiri simu yake, mvua iko mlangoni, na mara tano kati ya sita ni nyingi. Nimechukua kalamu mwenyewe. Mara tano imeshika. Mara ya sita, ukingo wa juu ya Akheri, haikushika, kasi 150, rubani amechukua. Pasirukwe ukingo huo mchana mpaka irekebishwe. Nikatia sahihi. Lerionka akatia yake chini.

Mama Evaresta amesoma mara mbili. "Kwa hiyo kipande cha Akheri hatutakipiga."

"Mwaka huu, hapana."

Amevuta pumzi ndefu. "Basi hatutakipiga. Nitawaambia."

Jumatatu, 22 Machi

Mvua, tangu asubuhi. Vipande vingine vyote tulimaliza jana na juzi. Mapovu kumi na moja, mashine imeyashika yote, nimeyaandika moja moja.

Jumapili, 28 Machi

Akheri. Tope mpaka magotini. Kapteni aliniomba nimletee kitabu cha ndege, Mama Evaresta ameruhusu. Leseni hatarudishiwa tena, barua imefika. Alinionyesha, akaikunja tena.

Hapakuwa na wageni. Mama Aikaeli alifuta meza, akatuletea chai, akakaa nasi. Kapteni alivaa miwani. Akaanza na safari ya kumi na moja, akirudi nyuma. Anapiga mstari juu ya "Sawa", anafungua kijidaftari cheusi, ananakili kasi na sekunde pembeni, anatia sahihi na tarehe ya leo. Kila mstari unachukua muda. Mke wake alikuwa anasoma juu ya bega lake. Kwenye ya tisa aliweka kikombe chini. Kwenye ya sita alisema, "Kwa magoti, Eliamini?" Akajibu, "Kwa magoti."

Alipofika ya kwanza, ile ya alfajiri, akafunga kalamu.

"Hii iache," akasema. "Hii ilikuwa sawa kweli."

Nilikuwa nimekuja na daftari hili. Nimelifungua mbele yake, nikarudi nyuma mpaka Februari mbili, mahali nilipoandika namba za kisaa, nikatafuta kwa kidole. Safari ya kwanza: dakika thelathini na nane. Nikatazama kwenye kitabu cha ndege, pale alipoandika yeye muda wa kuteremka. Thelathini na nane.

Niliinua macho. Alikuwa ananitazama nikihakiki neno lake, mimi binti wa rafiki yake, ndani ya nyumba yake. Hakukasirika. Alisubiri nimalize.

"Ni kweli, Kapteni," nikamwambia. "Zinalingana."

"Nashukuru," akasema, na akanisogezea sukari.